Shikamoo ya Kulipiwa

Bahasha ya fomu za makazi ilikaa juu ya meza ya chakula kwa wiki kumi na moja, ikisogezwa pembeni sahani zikija na kurudishwa katikati sahani zikiondoka. Ndani yake mlikuwa na karatasi za kumwezesha Mama Pelagia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko Kilema, mkoani Kilimanjaro, abaki Lewisville, Texas, na bintiye wa pekee, badala ya kurudi kwenye nyumba ambayo tangu mumewe azikwe ilikuwa na yeye, jogoo na redio. Ndeshi alishajaza kila kitu. Ilibaki saini ya mama, na mama alikuwa hasaini.

Hakukataa. Angekataa wangegombana na mambo yangeisha. Alisema tu kwamba bado anasoma. Alikuwa amesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na moja na hakuwahi kutia saini ukurasa asiouelewa, na katika zile karatasi palikuwa na mstari mmoja uliomkwamisha: kazi ya mdhamini. Hapo Ndeshi alikuwa ameandika kwamba amejiajiri, ni mshauri.

"Mshauri wa nini?" mama aliuliza jioni ile ya kwanza.

"Wa watu, Mama. Wanakuja na shida zao."

"Shida gani?"

"Za kichwani."

Mama akasema hiyo ni kazi njema, ila washauri aliowajua yeye walikuwa na ofisi. Alichokiona hapa ni binti anayeshinda nyumbani, halafu mara mbili kwa mwezi, siku ya Alhamisi, anapakia garini sanduku zito la magurudumu, anaendesha kwa saa nne hadi Houston, na kurudi Jumapili akiwa amechoka huku akikanda bega la kulia. Mshauri anaumiaje bega, mama alitaka kujua. Ndeshi alijibu kwamba ni usukani.

Ukweli ni kwamba Ndeshi, mwenye umri wa miaka thelathini na saba, alikuwa kile ambacho Wamarekani hukiita dominatriksi. Wanaume walimlipa awaamrishe. Walitaka kupigishwa magoti, kusafishishwa sakafu iliyokwisha kusafishwa, kufungwa kamba, kuchapwa kwa kiasi walichokubaliana naye kabla. Havui nguo, haguswi, halali na mtu. Masharti hayo yalikuwa kwenye karatasi ambayo kila mteja aliisoma na kuisaini kabla ya kuvua viatu. Kwa Kiswahili hakuwahi kupata neno la kazi yake, na hata alipojisemea mwenyewe moyoni alisema tu "kule Houston".

Aliingia mwaka 2017. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa dola kumi na moja kwa saa, akigeuza vitandani miili mizito kuliko wake. Kazi ile watu wa kwao waliiheshimu. Kwenye misa na kwenye sherehe walisema Ndeshi yuko hospitali, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na hakuna hata mmoja aliyeuliza inakuwaje mtu mwenye kazi ya heshima anatafunia upande mmoja kwa miezi minane kwa kukosa hela ya kung'oa jino.

Aliyemwonyesha njia ni Jackie, Mkenya aliyekuwa naye zamu moja. Jackie alikuwa amemjua mama mmoja wa Kimarekani huko Houston mwenye nyumba ya vyumba vya kazi hiyo, akajaribu mwezi mmoja, akashindwa. Alisema msee mzima, mwanamume na tai yake, akimpigia magoti aombe kukaripiwa, yeye anacheka tu, na mteja hawezi kulipa achekwe, labda yule aliyeomba hivyo. Ndeshi hakucheka. Miaka sita ya kuwaambia wazee wakaidi kaa, geuka, inua mkono, bila kupaza sauti na bila kuwaumiza, ilikuwa imemfundisha kazi yote kabla hajajua kwamba ipo.

Dola mia mbili na hamsini kwa saa. Anayesikia hivyo hudhani ni utajiri, kwa sababu hasikii yanayofuata. Dola themanini za kila saa zilikuwa za chumba. Katika wanaume kumi waliomwandikia, saba hawakuwa na nia ya kuja. Walitaka kusimulia bure kile walichokuwa wanaogopa kukilipia, na kuwasoma hao kulikula asubuhi nzima. Mwaka 2018 ilipotoka sheria mpya ya kubana matangazo ya ngono mtandaoni, tovuti alizokuwa akitangazia zikafungwa moja baada ya nyingine, akakaa wiki tano bila mteja mpya. Kampuni moja ya kutumiana fedha kwa simu ilimfungia akaunti ikiwa na dola elfu moja na mia tisa, na haikumwambia kosa lake wala haikumrudishia. Kulikuwa na petroli, bima, dawa za kusafishia ngozi na kamba. Na kulikuwa na kodi ya serikali, aliyoilipa kila robo mwaka bila kukosa, kwa kuwa bila karatasi za kodi asingeweza kumdhamini mama. Kwenye karatasi hizo kazi yake iliandikwa burudani. Mwaka ule aliingiza elfu hamsini na moja, zikabaki thelathini. Ilizidi mshahara wa uuguzi, lakini si kwa wingi ambao mtu angeutangaza. Alichokipata hasa ni siku zake mwenyewe. Aling'oa jino na kulala usingizi wa kutosha, na simu ya mama ilipoingia aliipokea.

Upande mwingine haukuwa na hesabu. Alikuwa na mchumba, Kipngeno, nesi, Mkenya mcha Mungu wa Houston. Baada ya mwaka mmoja Ndeshi aliona haifai kuolewa kwa uongo, akamwambia. Kipngeno aliuliza kwanza analipwa kiasi gani. Akanyamaza wiki moja, akarudi kuomba asaidiwe malipo mawili ya gari. Alisaidiwa. Gari lilipotoka kwenye deni akamwandikia kwamba dhamiri yake haimruhusu kuoa mwanamke wa aina ile. Ndeshi hakumjibu, na tangu hapo hakumwambia mtu.

Mteja aliyemtegemea kuliko wote alikuwa Dale, mzee wa miaka sitini na minne aliyefiwa na mke, mpole, mwenye mikono ya mtu aliyewahi kufanya kazi za nje. Alikuja kila Jumamosi ambayo Ndeshi yuko Houston, kwa saa mbili kamili, na peke yake alikuwa robo ya mapato. Hakupenda kuchapwa. Siku ya pili tu alimwuliza Ndeshi kwao mtu humsalimiaje aliye juu yake. Ndeshi akamwambia, nusu kwa mzaha, kuwa mdogo husema shikamoo, na kwamba wapo wanaosema maana yake ni nashika miguu yako. Dale akashuka magotini, akasema neno lile polepole, silabi moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Tangu siku hiyo ndivyo ilivyokuwa. Aliingia, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, Bibi," akangoja. Ndeshi hakuitikia haraka. Alipanga vitu vyake, akatazama dirishani, akasoma simu. Dakika tano, pengine kumi. Mwisho alisema, "Marahaba," na mabega ya yule mzee yakalegea kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Yaliyofuata yalikuwa ya kujazia muda. Alichokuja kukinunua kilikuwa ni ile dakika ya kuitikiwa.

Ndeshi alijua jina lake la kwanza tu. Hakujua anafanya kazi gani wala anakaa wapi, na hiyo ilikuwa sheria yao.

Katikati ya Oktoba 2019, binti wa Clara alipokea kipaimara. Clara ni mtoto wa mama mdogo wa Ndeshi, anakaa Alief, na nyumbani kwake ndiko Ndeshi alikolala kila alipokwenda Houston. Kwa ajili ya sherehe Ndeshi alifuta miadi yote ya wiki hiyo, Dale akiwamo, akamleta mama. Clara alikodi ukumbi Stafford, nje kidogo ya Houston, na kualika watu mia moja na ishirini, wakaja mia mbili. Na kwa kuwa hakuna sherehe ya Wachaga bila ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa alisukumwa ndani akiwa amesimama kwenye meza ya magurudumu, majani mdomoni, na fataki mbili zikiwaka mgongoni. Tanzania fataki hizo huwashwa kila Jumamosi na hakuna anayejali. Stafford dari lilikuwa na vinusa moshi.

King'ora kililia dakika ishirini. Watoto waliziba masikio, na Humphrey, mshereheshaji, akaendelea kuitambulisha kamati ya maandalizi kwa kupiga kelele. Kisha mlango wa pembeni ukafunguka akaingia mwenye ukumbi, Mzungu mzee mwenye kofia ya kazi na funguo kiunoni, akakizima king'ora na kuuliza nani anahusika. Clara, ambaye akiogopa Kiingereza humkimbia, alimsukuma Ndeshi mbele.

"Ongea naye wewe, dada. Wewe unawaweza."

Ndeshi akageuka. Alikuwa Dale.

Hakuna aliyekuwa amemwandaa. Alitoka nyumbani kushughulikia king'ora, akakutana uso kwa uso na mtu ambaye mbele yake mwili wake ulijua kufanya jambo moja tu. Kofia ikatoka kichwani. Magoti yakajikunja kidogo, yakajizuia.

"Shikamoo, Bibi," Dale alisema.

"Marahaba," Ndeshi alisema.

Ilimtoka akiwa ameinua kidevu, kwa sauti ya chini ya chumba kile. Mwanamke wa miaka thelathini na saba ameamkiwa na mzee mwenye mvi, na badala ya kuruka, kukataa, kusema mimi ndiye wa kukuamkia, amepokea.

Ukumbi ukaangua kicheko. Humphrey aliidaka mara moja kwenye kipaza sauti: "Jamani, Mzungu kamwamkia dada yetu na dada kapokea. Ndeshi, hongera, leo umekuwa bibi na mjukuu wako ana mvi." Wazee waliokaa meza ya mbele walifuta machozi. Clara alimuuliza Dale nani kamfundisha, naye, akiwa mwekundu hadi masikioni, alisema aliwahi kupanda Kilimanjaro. Wakampigia makofi. Akasema kuhusu moshi wasijali, hatawatoza faini, akaondoka bila kofia yake. Watu walikubaliana kwamba ni Mzungu mzuri, amechanganya tu.

Mama Pelagia hakucheka. Alikuwa ameshika sahani ya ndafu, na uma umesimama njiani. Miaka thelathini na moja alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa akisikiliza watoto wakiamkia na wakubwa wakiitikia, na alijua anavyosikika aliyeitikia kwa kubabaika na anavyosikika aliyezoea.

Asubuhi ya Jumapili, jikoni kwa Clara, Ndeshi alimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo, Mama."

"Umelalaje," mama alisema.

Ndeshi alisimama akingoja iliyobaki. Haikuja. Tangu ajue kusema haikuwahi kutokea. Hata siku alipomwambia mama kwamba anaacha chuo, hata asubuhi ya mazishi ya baba, alikuwa ameitikiwa. Alimimina chai yake na akaelewa, kwa aibu iliyochelewa miaka miwili, Dale alikuwa analipia nini.

Waliingia barabara ya kaskazini kabla ya saa nne. Mama alianza walipoipita Huntsville, misonobari ikiwa imeziba pande zote.

"Yule mzee," alisema, "anakuja kwako na shida gani?"

Ndeshi angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo mzuri, aliutunza miaka miwili, na ungefika salama hadi Lewisville. Lakini aliifikiria bahasha. Mama angesaini kwa uongo ule, angekaa miaka yote iliyobaki akila chakula cha uongo ule, na kila Alhamisi sanduku lingetolewa kwa uongo mwingine. Akamwambia. Alieleza macho yakiwa barabarani, kwa maneno ya kawaida, magoti, kamba, fimbo, karatasi ya masharti, chumba na kodi yake. Ilichukua maili thelathini.

Mama aliuliza kama mkaguzi wa shule. Wanakugusa? Hapana. Unavua nini? Viatu, nikichoka. Je, akikufia humo? Ndeshi akasema huwauliza kwanza kuhusu presha na moyo, kama alivyofundishwa kwa wazee. Tena kuna neno. Wanakubaliana neno moja kabla ya kuanza, na yeye huwafundisha waseme "basi". Mteja akisema basi, kila kitu kinasimama hapo hapo.

"Hata kama hujamaliza?"

"Hata kama ndio nimeanza."

"Hata kama umeshalipwa?"

"Hata hivyo, Mama. Nisipoacha, mimi ndiye mwenye kosa."

Mama aligeukia dirisha. Palikuwa na malisho sasa, na ng'ombe weusi, na bango la dawa ya mgongo.

"Baba yako nilimwambia basi miaka ishirini na minane," alisema. "Alikuwa hasikii lile neno."

Ndeshi alijua, kama watu wote wa nyumba ile walivyojua, na kama kijiji kizima kilivyojua na kuja msibani kumsifu marehemu kwa msimamo wake. Aliendesha. Walisimama karibu na Corsicana kununua petroli, na mama aliporudi na kahawa asiyoipenda, alisema fimbo hata hivyo ni fimbo, na kwamba mtu mzima kumchapa mtu mzima ni jambo la kumsikitisha Mungu.

"Wewe umechapa miaka thelathini na moja," Ndeshi alisema, "na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuomba."

Lilimtoka kabla hajalipima. Mama akamtazama, kisha pembe ya mdomo ikacheza.

"Tena kwa mshahara wa serikali," alisema.

Walicheka kidogo, kila mmoja upande wake. Halafu mama akaacha kucheka.

"Sikiliza. Hao na magoti yao ni watu wazima, wamesaini, hayo yao. Sisemi nimeyapenda. Lakini shikamoo si mali yako. Nimesimama mlangoni asubuhi ngapi kuwafundisha watoto wa watu ile salamu, wengine hawajanywa hata uji. Wewe umeichukua umeipangia bei. Irudishe."

"Nikiirudisha, yule haji tena. Ni robo ya fedha yote, Mama. Fomu inataka kipato."

"Basi," mama alisema.

Huenda alimaanisha basi na asije. Huenda hakuwa na zaidi ya kusema. Ndeshi alifungua mdomo kujitetea na kuufunga tena, maana neno lilikuwa limeshasemwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyetoka kueleza sheria yake.

Alimwandikia Dale jioni hiyo. Hakumpa sababu ndefu: neno lile limeondoka, yeye yupo. Dale alijibu kwa adabu kwamba ameelewa na kwamba anaomba radhi kwa Stafford. Jumamosi ya mwisho wa Oktoba alikuja, akapiga magoti, akasema kwa Kiingereza ndiyo bibi, akangoja, akaitikiwa kwa Kiingereza. Saa mbili zilikwenda kama foleni ya benki. Wakati wa kuondoka alilipa zote, akashukuru, akauliza kama kuna neno jingine la kwao. Ndeshi akasema yapo mengi ila hayauzwi.

Nyumbani Lewisville aliendelea kuamkia kila asubuhi. Umelalaje, mama alisema. Au: kumekucha. Au: maziwa yameisha. Wiki nne. Ndeshi hakumkumbusha wala hakununa. Alisema neno lake, akangoja kidogo, akaenda kuwasha jiko. Bahasha ilisogezwa, ikarudishwa.

Wiki ya pili ya Novemba alikwenda Houston kama kawaida. Ijumaa Dale alimtumia ujumbe kwamba hatakuja, na kwamba pengine hatakuja tena, na kwamba hana kinyongo. Ndeshi alijaribu kuijaza nafasi ile, akapata wawili kati ya wale saba wa kila kumi wasiokuja. Jumamosi alfajiri akapakia sanduku, na kabla ya saa sita mchana gari lilikuwa linaegeshwa Lewisville, siku nzima kabla ya kawaida yake. Mama alikuwa kwenye kibaraza akikunja nguo. Alilitazama gari, akalitazama sanduku, akamtazama binti yake akishuka bila kukanda bega. Hakuuliza. Alihesabu tu, kama anavyojua kuhesabu, Jumamosi ile ilikuwa inakosa nini.

Jumapili Ndeshi alimkuta mezani, amevaa miwani na ametoa karatasi zote ndani ya bahasha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hapa kwenye kazi, karatasi za kodi zinasemaje?"

Ndeshi alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Burudani," alisema.

"Na huku mshauri. Karatasi mbili za mtu mmoja zinabishana, watatutupa nje sote wawili. Futa, uandike burudani." Alimsukumia ule ukurasa. "Mshauri humu ndani ni mimi. Na kalamu nyeusi uitafute, hii yangu ni nyekundu."